Mifupa ya Tendaguru kwenye meza ya mhariri

"Mwalimu, umeandika vizuri, ila hatuoni tutakiweka rafu gani." Mhariri wa shirika moja la uchapishaji la Kikristo alinipigia simu kuniambia hivyo kuhusu muswada wa riwaya yangu, na namshukuru hadi leo kwa kupiga. Wengi hawapigi. Unatuma muswada, miezi inapita, ukiuliza unaambiwa bado uko kwa wasomaji.

Riwaya yenyewe ni ya huku kwetu Lindi. Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimbua mifupa ya dinosaria pale kilimani Tendaguru. Waliochimba na kubeba walikuwa watu wetu, mamia kwa mamia, mizigo kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilivuka bahari. Yule mjusi mkubwa kuliko wote amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin tangu 1937, kwenda juu anapita mita 13, na Bungeni kwetu suala la kumrudisha limeshaulizwa. Kwenye riwaya yangu anarudi, mwaka 2109. Meli ikiingia ghuba ya Lindi, mifupa inaanza kutaja majina ya wapagazi, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza kusikia ni binti wa katekista, aliyekwenda gatini na kwaya kupokea mzigo. Akemee? Aombe? Au achukue kalamu ayaandike yale majina? Riwaya nzima imesimama hapo.

"Sasa mwalimu," mhariri akaniuliza, "hao wanaosema ni nani? Ni mizimu?"

"Hapana, Mchungaji. Ni kama ile mifupa ya Ezekieli 37. Bwana ndiye anayeipa sauti."

"Mimi nimekuelewa. Yule mama wa Nachingwea je?"

Akanieleza huyo mama ni nani. Ni mama anayetoka ibadani Jumapili, anakuta meza ya vitabu nje ya kanisa, anachukua kimoja. Jina la mwandishi halimhusu. Anaangalia nembo ya shirika, kwa sababu kitabu cha sala alichonunua mwaka juzi kilikuwa na nembo hiyohiyo. Anafika nyumbani, anafungua, anakuta mifupa inaongea. Kesho yake yuko kwa padre wake na kitabu mkononi, na padre naye anapiga simu kwa mchapishaji. "Na vitabu vyetu vinauzwa na hao mapadre na wachungaji," mhariri akamaliza. "Wakituondoa mezani, hata vile vya sala havitauzika."

Nimekaa na maneno hayo muda mrefu, na naona ana hoja. Tuliokulia huku tunajua neno mizimu lina uzito gani. Kuna nyumba ambako kinyago cha Kimakonde cha shetani hakiwekwi sebuleni hata kama ni zawadi. Msomaji wa namna hiyo hana ujinga wowote. Anailinda nyumba yake, na shirika linalinda imani aliyoiweka kwenye nembo yao.

Lakini siku ile sikuyaona hayo. Nikikataliwa na mchapishaji wa vitabu vya kawaida, naumia kama mwandishi, basi. Nikikataliwa na Wakristo wenzangu, maumivu yananifuata mpaka kwenye sala. Barua zao hufungwa kwa maneno mazuri, kwamba wanakuombea, kwamba Mungu atafungua mlango mwingine. Nawe unabaki kujiuliza kama ni Mungu mwenyewe aliyeufunga huu. Nilipita kipindi ambacho nilisali kwa ajili ya wanafunzi wangu, wagonjwa, mvua, kila kitu isipokuwa muswada. Niliogopa jibu.

Aliyenitoa huko ni katekista mmoja mstaafu, mzee wa kanisa letu. Nilimpelekea nakala niliyochapa na kubaindi steshenari ya jirani na stendi, kwa maandishi makubwa kwa sababu ya macho yake. Niliporudi nikamkuta barazani, miwani imeshuka puani, kidole kiko katikati ya ukurasa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hebu kaa. Hawa wapagazi walizikwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Ya mizimu hakuyagusa kabisa. Alitaka kujua makaburi. Akaniambia kuwa watu wale walitoka kwenye vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata, kwa hiyo mtu alibeba mfupa wa mnyama huku ndugu zake hawajazikwa vizuri. Nikaandika sura mpya kutokana na swali lile, na ndiyo sura ninayoipenda kuliko zote.

Kwa sababu hiyo, shirika jingine liliponiambia watachapa nikibadili mwisho, nilikataa. Walitaka yote yawe ndoto, binti aamke, ahubiri, watu waokoke. Mimi nahubiri pia, ikifika zamu yangu, na wala sioni haya. Ila kwenye kumbukumbu za uchimbaji ule, wachache mno kati ya watu wetu wametajwa kwa jina, kama msimamizi Boheti bin Amrani. Wengine ni idadi tu. Majina ya kwenye riwaya nimeyabuni nikisikiliza yale ya wazee wa vijiji vya huko. Yakigeuka ndoto, binti akaamka akayasahau, wale watu watakuwa wameitwa halafu wakanyamazishwa tena, safari hii na mimi.

Nawaambia wenzangu wanaoandika hadithi za namna hii: hadithi ya kubuni si ngeni kanisani. Yothamu alisimama juu ya mlima Gerizimu akawasimulia watu wa Shekemu habari za miti iliyotafuta mfalme, na mti wa miiba ukaukubali ufalme. Imo kwenye Waamuzi 9, na hakuna anayeuliza kama miti ile ilikuwa na mapepo. Madeleine L'Engle, Mkristo wa Marekani, alikataliwa na wachapishaji zaidi ya 20 kwa riwaya ya watoto wanaosafiri kwenye sayari za mbali. Ilitoka 1962, mwaka uliofuata ikapata Newbery, tuzo ya vitabu vya watoto ya huko Marekani.

Siku hizi jibu likija naliweka kando kwanza, nafundisha, nasahihisha madaftari. Nikitulia nalisoma na penseli. La imani nalipeleka kwa padre wetu. La soko namwachia mhariri, maana karatasi na fedha ni zake. La uandishi nalifanyia kazi usiku uleule. Wako pia wachapishaji wanaokubali muswada haraka mradi ulipie nakala zote. Hao wanauza kazi ya kupiga chapa, na hakuna ubaya, ila uliza mapema nani atauza, maana maboksi yatashushwa stendi na yatalala sebuleni kwako.

Watu wananishauri niachane na mashirika ya dini, nipeleke kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile iliyoanzishwa 2022. Huenda nikapeleka kazi nyingine huko. Hii namtafutia yule mama wa Nachingwea. Babu yake anaweza kuwa mmoja wa wale wapagazi, na nataka akutane nao akitoka ibadani, kwenye kitabu chenye nembo anayoiamini.

Kwa hiyo nimemwomba padre wetu aandike dibaji, kurasa mbili tu, amwambie msomaji wazi kwamba hii ni hadithi na kwa nini yeye kama padre haikumtisha. Amefika sura ya saba. Juzi alinirudishia kurasa za mwanzo zikiwa na maswali pembeni, mengine magumu, nami nayajibu kabla sijatuma tena kwa yule mhariri aliyenipigia simu.