Jero ya nyanya

Mama yangu anauza nyanya Manzese. Genge lake liko kwenye kona, chini ya mwavuli uliopauka, na ndilo lililonisomesha tangu darasa la kwanza mpaka chuo. Naanza nalo kwa sababu bila genge hilo nisingefaulu uchumi, na nataka wadogo zangu mnaoingia mwaka wa kwanza mjue ilikuwaje.

Sekondari nilisoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Nilipofika chuo nikakuta utangulizi wa uchumi ni somo la lazima, tena darasani nimekaa na waliotoka EGM na ECA, michepuo yenye uchumi ndani yake, watu waliokuwa wakichora mistari ya dimandi na saplai (mahitaji na ugavi) tangu kidato cha tano. Mimi sikuwahi kuchora hata mmoja. Nikafanya walivyofanya wengi: nikanunua desa, zile notsi za kopi, stesheneri, nikalikariri. Maana ya elastisiti, yaani kiasi kinachonunuliwa hubadilika kwa ukubwa gani bei ikibadilika, niliweza kuitaja kwa Kiingereza bila kudondosha neno. Test ya kwanza nikapata 11 kati ya 30.

Swali lililonimaliza lilikuwa fupi. Mavuno ya zao la chakula yameongezeka sana, je, mapato ya wakulima yataongezeka? Nikajibu ndiyo. Nikaandika nusu ukurasa nzima kueleza kwamba anayevuna zaidi anauza zaidi, na anayeuza zaidi anapata zaidi.

Nilipoona mstari mwekundu juu ya jibu lile, machozi yalinilenga, na si kwa sababu ya alama. Jibu sahihi nilikuwa nalo nyumbani. Mjomba wangu, kaka yake Mama, analima nyanya Ilula, mkoani Iringa, na kwetu mwaka wa nyanya nyingi ndio mwaka ambao Mama humtumia kaka yake pesa ya ada za watoto. Nimelala na kuamka na jambo hilo tangu utotoni. Lakini niliposhika kalamu ndani ya chumba cha mtihani, mjomba hakunijia kabisa. Nilidhani uchumi ni habari za watu wengine.

Jumamosi ile nikaenda nyumbani na kumwomba Mama kauntabuku yake. Mama ameishia darasa la saba, lakini hajawahi kununua tenga la nyanya sokoni Ilala bila kuliandika: tarehe, bei ya tenga, halafu namba moja tu pembeni, 4 au 5 au 7. Nikamuuliza ile namba ni ya nini. Akaniangalia kama aliyeulizwa jina lake. "Si fungu, mwanangu. Nyanya ngapi kwa jero."

Hapo ndipo nilipoanza kusoma uchumi.

Genge la Mama halibadilishi bei. Fungu ni jero, shilingi 500, iwe masika iwe kiangazi. Kinachobadilika ni idadi ya nyanya. Zikiadimika anapanga nne, zikijaa anapanga saba. Na wateja wake hawaji kununua nyanya nane au kumi, wanakuja kununua "nyanya za jero". Anayekuja na jero ya nyanya leo atakuja na jero ya nyanya mwezi ujao, atakachopewa ndicho atakachopikia. Kwa hiyo mafungu yanayotoka kwa siku ni karibu yaleyale, kama arobaini hivi, sawa na shilingi 20,000. Msimu wa uhaba watu wanakula nyanya chache kwa pesa ileile, msimu wa neema wanakula nyingi kwa pesa ileile. Desa langu lilikuwa na sentensi ngumu sana kuhusu elastisiti iliyo sawa na moja, yaani bei ibadilike vipi pesa inayotumika ni ileile, nami niliikariri bila kujua kwamba inamzungumzia jirani yetu anayemtuma mtoto gengeni na sarafu ya nyati.

Kuna jambo jingine lililokuwa likinisumbua tangu wiki ya kwanza. Kwenye hesabu tulifundishwa kwamba katika mchoro kinachotegemea husimama wima na kinachotegemewa hulala. Mwalimu anasema kiasi kinategemea bei, halafu bei ndiyo anayoichora wima! Niliona aibu kuuliza. Baadaye kiongozi wetu wa semina, kijana mpole aliyeeleza kitu mara tatu bila kuchoka, alituambia kwamba mazoea hayo tumeyarithi kwa Alfred Marshall, Mwingereza aliyetoa kitabu chake kikubwa mwaka 1890. Kwa Marshall, unaanza na kiasi kilichofika sokoni, kisha unauliza wanunuzi watakilipia bei gani. Nikamwelewa palepale, kwa sababu huko ndiko Ilala alfajiri. Malori yameshaingia, nyanya haziwezi kurudi Iringa, na bei ya tenga inatokana na wingi wa matenga yaliyopangwa chini. Gengeni kwa Mama ni kinyume chake, pesa imesimama na kiasi ndicho kinachocheza. Nyanya ni zilezile, siku ni ileile, umbali wa daladala moja tu, na mchoro unasomeka kwa njia mbili.

Sasa niwaonyeshe hesabu niliyofanya usiku ule, maana hii ndiyo iliyonifikisha kwa mjomba. Tenga la Mama huwa na nyanya kama 400. Fungu likiwa la nne, tenga linatoa mafungu 100, yaani shilingi 50,000. Fungu likiwa la saba linatoa mafungu 57, yaani 28,500. Kwenye kauntabuku, siku za fungu la nne Mama alinunua tenga kwa 38,000, na siku za fungu la saba kwa 18,000. Kinachobaki hapo katikati ni nauli yake, zinazooza, na jasho lake.

Kisha nikampigia mjomba. Nikamuuliza tenga moja linamgharimu kiasi gani tangu linapochumwa mpaka linapouzwa Ilala. Akanihesabia: wachumaji, tenga lenyewe la mbao, gari, ushuru, dalali. Jumla 12,000. "Na hiyo haipungui," akasema, "nyanya ziwe dhahabu au ziwe takataka, gari ni hiyohiyo."

Toeni wenyewe hiyo 12,000 kwenye bei ya tenga. Siku za uhaba mjomba anabaki na 26,000 kwa tenga. Siku za neema anabaki na 6,000. Gengeni nyanya moja imeshuka kutoka shilingi 125 hadi kama 71, haijapungua hata kwa nusu. Shambani pato la tenga limeporomoka kwa zaidi ya robo tatu. Akivuna matenga 100 wakati wa uhaba anapata 2,600,000. Akivuna 175 wakati wa neema anapata 1,050,000, na mgongo umeuma zaidi.

Miaka yote Mama aliamini kwamba dalali ndiye anayemla kaka yake. Sisemi madalali wote ni waadilifu, wapo waliomliza mjomba kwa macho yangu. Lakini katika hesabu ile sehemu ya dalali ilikuwa ndogo, na hata ingeondolewa yote, zile 6,000 zisingerudi kuwa 26,000. Kinachomla mjomba ni gharama isiyopungua ikikutana na bei inayoshuka. Hilo Mama hakulijua, na kwa hilo naliheshimu sana somo la uchumi. Nilimwekea hesabu mezani, akaipitia kwa kidole mstari kwa mstari, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema nimsomee tena.

Mtihani wa mwisho wa mwaka nilifaulu vizuri. Nilijibu kwa Kiingereza, kama inavyotakiwa, lakini kila swali nililigeuza kwanza kichwani likawa la Manzese, Ilala au Ilula. Elastisiti mpaka leo naiita unyumbufu, na nikilitamka neno hilo naona mkono wa Mama ukiongeza nyanya ya tano kwenye fungu.

Mwezi uliopita mjomba alinipigia mwenyewe. "Kamwene, mpwa wangu. Ile hesabu yako nimeifikiria. Kwa hiyo nilime kidogo?"

Ilibidi nimwambie ukweli uliomo kwenye sura inayofuata ya kitabu. Yeye akipunguza peke yake, malori ya Ilala yatajaa ya wengine na bei haitamjua. Wakipunguza wote, bei itapanda, lakini kila mmoja atatamani kuwa yule ambaye hakupunguza. Nilisikia akivuta pumzi. Akaniuliza zao gani lisilooza njiani. Tukazungumza vitunguu, ambavyo Ilula wanavijua vizuri, na ambavyo ukivikausha na kuvihifadhi penye hewa vinaweza kungoja wiki kadhaa bei ipande.

Nusu ya shamba sasa ni vitunguu. Nimefungua ukurasa mpya nyuma ya kauntabuku ya Mama, nimeandika mbegu, mbolea, vibarua na dawa. Safu ya bei bado iko wazi. Mjomba anasema atang'oa mwezi wa tisa.