Kumbukumbu ya mradi: kuchagua mchezo wa kwanza wa mapigano, Tanga, wiki 12

Wiki ya 1

Swali la mradi limeandikwa juu ya ukurasa ili lisipotee njiani. Mtu mzima asiyewahi kupigana kwa kanuni, anayeishi Tanga mjini, mwenye baiskeli na jioni tatu za wiki, aanze na mchezo upi? Iliyo mezani ni minne: ngumi, karate, judo na taekwondo.

Swali la "upi mkali kuliko mwenzake" limefutwa siku hiyohiyo. Hilo liachiwe vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, ambako linaweza kujadiliwa mpaka birika likauke. Lililobaki ni hili: baada ya wiki 12, mwili utakuwa umezoea kufanya nini bila kufikiri? Mazoea hayo hayatoki kwenye historia ya mchezo wala kwenye rangi ya mkanda. Yanatoka kwenye sheria za pointi.

Taekwondo ya mashindano hutoa pointi 2 kwa teke la kiwiliwili na 3 kwa teke la kichwa. Teke likiwa la kuzunguka huwa 4 na 5. Ngumi ya kifuani ni pointi 1, na ngumi ya usoni ni marufuku. Ndiyo maana mikono ya wachezaji wake hushuka. Mtazamaji huuita uzembe, kumbe ni hesabu. Ngumi hazina teke wala kushika miguu, basi bondia huinama kukwepa mpaka kichwa kikafika usawa wa kifua cha mwenzake. Akiinama hivyo mbele ya mpiga mateke, uso unakutana na goti. Judo ilifunga kabisa kushika miguu kwa mikono mwaka 2013, na mchezaji wake leo husimama wima kuliko babu zake wa mchezo. Karate ya mashindano hutaka pigo liwe na kiasi: ngumi 1, teke la mwili 2, teke la kichwa 3. Anayeizoea hujua umbali kwa jicho kama fundi cherehani ajuavyo shati, lakini mkono wake nao huzoea kusimama kabla ya kufika.

Wiki ya 2

Kutembelea kumbi. Kanuni ni kukaa pembeni darasa zima, bila kushiriki, na saa mkononi. Hesabu moja ina uzito kuliko nyingine zote: ni dakika ngapi mwanafunzi mpya anafanya kazi na mtu, siyo na hewa? Katika darasa la dakika 90, chini ya dakika 20 hilo ni gwaride. Kinyume chake, ukumbi unaomwingiza mgeni kwenye sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, siku ya kwanza unatafuta begi la kupigia lenye miguu.

Tazama pia mgeni anapangiwa nani. Ukumbi mzuri humpa mkongwe mtulivu. Ukumbi mbaya humpa mgeni mwenzake, na wote wawili hawajui kupunguza nguvu. Mtu akipigwa kwa bahati mbaya, angalia kama mwalimu anasimamisha zoezi au anacheka. Na uliza mapema ada ya mtihani wa mkanda, kwa sababu hiyo haiandikwi ukutani. Mwalimu anayesema mbinu zake ni za hatari mno kujaribiwa mazoezini amejibu swali lote peke yake.

Umbali una kauli kubwa. Tanga ni tambarare na baiskeli ni nusu ya mji, lakini baada ya mazoezi ya miguu kilomita 6 za giza si zile za asubuhi. Ukumbi wa wastani ulio kwenye njia ya kurudi nyumbani huushinda ukumbi bora ulio upande wa pili. Mji huu una msemo wake, waja leo waondoka leo. Ukumbini unawahusu mikanda myeupe, yaani wanaoanza, na wengi huondoka wiki ya tatu, maumivu yanapokuwa yamezidi ugeni.

Wiki ya 3 na ya 4: ngumi

Tarehe 8 Septemba 2018 Hassan Mwakinyo, bondia wa Tanga, alimmaliza Sam Eggington raundi ya 2 mjini Birmingham. Anayetaka kuanza ngumi kwa sababu ya usiku ule ana haki yake. Ila wiki mbili za kwanza hazina mkono wa kulia kabisa, zina miguu tu.

Kwa anayetumia mkono wa kulia, mguu wa kushoto uko mbele, upana wa mabega, kisigino cha nyuma kimeinuka kidogo. Kwenda mbele huanza mguu wa mbele. Kurudi nyuma huanza wa nyuma. Haivukani, haikutani. Kosa la kila mtu ni mguu wa nyuma kuvutwa mpaka ukagusana na wa mbele, na hapo hata kusukumwa kwa kidole unaanguka. Dawa yake: funga kitambaa laini kwenye vifundo viwili vya miguu, urefu wa kati uwe upana wa msimamo wako. Miguu ikikutana, kitambaa kinaburura chini. Hatua ikizidi, kinakuvuta. Usitumie kamba ya mkonge, itachubua. Raundi 4 za dakika 3, mapumziko dakika 1, na jebu peke yake: konde la mkono wa mbele linalotoka na kurudi kwa njia ileile.

Bandeji za mikono: mita 4.5, si zile fupi za mita 2 na nusu zinazoishia kabla ya kidole gumba. Kitanzi kwenye gumba, kitambaa kipite mgongo wa kiganja kwanza. Kikianzia upande wa ndani, kitanzi kitafunguka ukikunja ngumi. Mizunguko 3 ya kifundo cha mkono, 3 ya juu ya vifundo vya ngumi, kisha pita kati ya vidole ukitengeneza alama za X kwenye mgongo wa mkono, zungusha gumba mara moja, malizia kwenye kifundo. Vidole viwe vimetanuliwa muda wote. Anayefunga akiwa amekunja ngumi hujikuta hawezi kuikunja tena. Kipimo: bonyeza ukucha, uachie, rangi isiporudi upesi, fungua uanze upya.

Begi la kupigia limetengenezwa wiki hii, na toleo la kwanza liliharibika. Lilijazwa maranda bila kushindiliwa. Siku ya tatu yalikuwa yameshuka: juu mto, chini jiwe. Mchanga peke yake ni mbaya zaidi, hasa ukinyonya unyevu wa pwani. Toleo la pili: gunia la mkonge ndani, turubai nje, kwa sababu mkonge ukiachwa nje utakula ngozi ya vifundo hata kupitia bandeji. Ndani ni nguo za mtumba zisizouzika, zimekatwa zipu, vifungo na pindo nene, zikashindiliwa kwa mchi wa kinu kila baada ya kina cha sentimita 20. Uzito kilo 32, karibu nusu ya uzito wa mtu wa kilo 65. Limetundikwa kwenye tawi lenye unene wa paja, kipande cha tairi la baiskeli kimelazwa chini ya mnyororo usisugue gome. Mnyororo unataka mafuta kila wiki. Hewa ya bahari inaula.

Glovu za begi aunsi 12, za sparingi 16. Sparingi yenyewe haijaguswa.

Wiki ya 5 na ya 6: karate

Gichin Funakoshi aliitoa karate Okinawa akaionyesha Tokyo mwaka 1922, na tangu hapo mitindo imeachana. Kwa anayeanza, tofauti inayohisiwa mwilini ni kimo cha msimamo. Shotokan huweka misimamo mirefu na ya chini. Goju-ryu husimama juu zaidi, karibu na mwenzake, na kutia mkazo pumzi. Mwenye magoti mabovu afikirie Goju-ryu kwanza.

Magoti yenyewe huumia kwa sababu moja kubwa: goti la mbele kuingia ndani ya mstari wa kidole gumba, hasa pekupeku kwenye sakafu ya saruji. Geuza kwanza unyayo, ndipo nyonga. Ukigeuza nyonga huku unyayo umeganda, goti ndilo litakalolipa.

Jambo linalowachanganya wageni ni ule mkono unaorudi kiunoni wakati mwingine unapiga. Si ulinzi. Ni mkono uliomshika mtu nguo au kifundo na kumvuta aje kwenye pigo. Mwalimu akieleza hivyo na kumpa mwanafunzi mtu wa kumvuta, zoezi lina maana. Asipoeleza, miezi mitatu baadaye mwanafunzi anasimama na uso wazi akidhani amejikinga.

Gi, yaani vazi la mazoezi, ikiwa nzito ya pamba haikauki wakati wa masika. Mbili nyepesi ni bora kuliko moja nzito.

Wiki ya 7 hadi ya 9: judo

Wiki tatu badala ya mbili, kwa sababu hapa ndipo lilipo zoezi lenye faida kuliko yote ya mradi huu, nalo ni kuanguka. Jigoro Kano aliianzisha judo Tokyo mwaka 1882, na mpaka leo mgeni hamwangushi mtu kabla hajajua kuangushwa.

Mpangilio: kwanza umelala chali, halafu umekaa, halafu umechuchumaa, halafu umesimama, mwisho ndiyo uangushwe na mtu. Kidevu kifuani, macho yatazame fundo la mkanda. Mgongo uwe wa duara kama dau, usitue ubapa. Mikono ipige sakafu kwa kiganja na kigasha chote kwa pamoja, nyuzi 30 mpaka 45 kutoka ubavuni, huku pumzi ikitoka. Mikono ikifunguka sana, bega linabeba kila kitu. Kosa la hatari kuliko yote ni kutanguliza kiganja nyuma ili kujizuia: hapo huvunjika kifundo cha mkono au mtulinga.

Kwa shingo kuna ujanja mdogo: bana kitambaa cha mkononi kati ya kidevu na kifua. Kikianguka, kisogo nacho kilikuwa njiani kwenda chini. Mafungu 3 ya kuanguka mara 10 kila siku yanatosha. Mwanafunzi aliyechoka husahau kidevu.

"Mwanangu, usiiogope chini. Ipige kabla haijakupiga." Kauli ya mwalimu mmoja mzee wa ukumbini, na kama maelekezo ni sahihi kabisa.

Sakafu ndiyo inayoamua kama judo inawezekana. Mkeka wa ukili si tatami, yaani mkeka wa kuangukia, tusidanganyane. Tatami za judo huwa na unene wa karibu sentimita 4, mara nyingi mita 1 kwa 2. Watu wawili wanahitaji eneo la mita 4 kwa 4, yaani vipande 8 vilivyobanana. Mwanya kati ya vipande humeza kidole cha mguu. Godoro la nyumbani huzamisha unyayo na kupinda kifundo. Ufukwe wa Raskazone ulijaribiwa. Mchanga mkavu unafaa kubiringika tu, na huingia machoni. Mchanga uliolowa na kushikana ni saruji yenye chumvi. Kwa hatua za miguu, kinyume chake, huo uliolowa ndio mzuri, maji yakiwa yamekupwa. Ratiba yake lakini haifuati ya kazini: maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, na wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ufukwe ni mpana jioni moja na haupo wiki inayofuata.

Kutupa kwa kwanza ni mtama, ule ambao kila mtoto wa mtaani anaujua nusu. Nusu isiyojulikana ni wakati: mguu wa mwenzako ufagiwe pale unapopokea uzito, si baada ya kuukalia. Ukichelewa unapiga mti. Kabali nayo inafundishwa, lakini somo lake la kwanza ni kugonga mara mbili na mwenzako kuachia papo hapo. Asiyeachia asipewe mtu.

Wiki ya 10: taekwondo

Fupi. Kwa kijana mwepesi wa nyonga ni raha tupu, na umbali unaofundisha haupatikani kwenye ngumi. Kwa mtu wa mfano wetu, anayekaa kitini mchana kutwa, wiki moja imeisha kwenye kunyoosha msuli wa nyuma ya paja. Kosa la kujua: kurusha teke kabla ya kuinua goti. Goti kwanza, liwe juu na kukunjwa, ndipo mguu ufunguke.

Wiki ya 11

Wiki ya uchafu. Bato, ugonjwa wa ngozi wa kuambukiza, limejitokeza kwenye mkono wa mmoja wa washiriki. Hakuna mkeka wala kushikana mpaka lipone, na sakafu inapigwa deki kwa dawa kila baada ya darasa. Glovu zimejazwa magazeti usiku na kuanikwa kivulini zikiwa wazi. Juani ngozi hupasuka, na zikiachwa kwenye mfuko wa plastiki huwezi kukaa nazo chumba kimoja. Kucha zikatwe, pete zivuliwe.

Wiki ya 12

Uamuzi, kwa mtu huyu na mji huu: kama kuna ukumbi wenye tatami halisi ndani ya dakika 20 za baiskeli, judo miezi mitatu, kwa ajili ya kuanguka. Kama hakuna, ngumi, maana zinataka sakafu kavu, kamba ya kuruka na kocha mwenye macho. Karate iende kwa mwenye mwalimu anayeeleza ule mkono wa kiunoni. Taekwondo kwa mwenye nyonga.

Mfano wetu hana tatami karibu. Ameandikwa ngumi, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Ya kununua: bandeji jozi 2, kamba ya kuruka (ukikanyaga katikati yake, mishikio ifike kwapani) na kinga ya meno ya kulainisha kwa maji ya moto, kwa sekunde zilizoandikwa kwenye paketi yake, kisha kuuma na kunyonya mpaka ishike. Ikianguka ukifungua mdomo, ichemshwe upya. Sparingi ya kwanza isiwe kabla ya wiki ya 12 ya ngumi zenyewe, iwe ya jebu tupu, raundi 2. Kichwa kikiuma baada yake, au kichefuchefu kikija, ni hospitali, na begi lisubiri.