Meneja mpya anashika nini kwanza?

Leo kikaoni mtu kasema, "Kampuni ikiyumba, badilisha meneja."

Sawa. Akishaingia, anashika nini?

Tazameni benki ya Equity ya Kenya mwaka 1993, ikiwa bado Equity Building Society, yaani taasisi ya mikopo ya nyumba. Mtaji uliolipwa na wanahisa: shilingi milioni 3. Hasara iliyolimbikizwa: milioni 33. Asilimia 54 ya mikopo hailipiki.

Na hili ndilo linalonikaa kichwani: amana za wateja zilikuwa zinaliwa kwenye matumizi ya ofisi!

James Mwangi aliingia upande wa fedha mwaka huohuo. Taasisi ikaacha mikopo ya nyumba, ikageukia mikopo midogo ya muda mfupi. Hesabu yake iko wazi: mama mboga anaweza kutoa akiba yake kesho asubuhi, mkopo wa nyumba unarudi baada ya miaka. Hapo ukwasi, yaani fedha za kulipa papo hapo, lazima ukauke.

Leseni ya benki ilikuja mwisho wa 2004, ikaingia Soko la Hisa la Nairobi 2006. Miaka 13 hiyo, jamani, na kuna bodi humpa meneja miwili tu.

Wahasibu wa humu, mngeanza na kukusanya madeni au kukata gharama?