Vizibo Vitano vya Soda

Bibi aliinama mara tano. Kila akiinama aliokota kizibo cha soda, akakipangusa udongo kwa kidole gumba, akakitia kwenye pindo la kanga yake. Alipokwisha akafunga fundo, akasema, "Walikuja."

Ilikuwa Jumatano moja ya mwaka 2013, kwenye bonde la michikichi nyuma ya nyumba yake, upande wa Kigoma unaoteremkia Ziwa Tanganyika. Baraza la kata lilikuwa limetuambia litakuja kuona eneo la mgogoro Alhamisi, saa tatu asubuhi. Bibi alishaazima viti kwa majirani. Sasa michikichi 12 ilikuwa imefungwa kamba za katani usawa wa kifua, mpya kabisa, bado zinanukia duka.

Ugomvi wenyewe haukuwa na jipya. Mzee wa shamba la pili alidai mpaka wake hauishii kwenye minyaa, bali unashuka mpaka kijitoni, na ile michikichi 12 iko kwake. Ilikuwa michikichi ya zamani, ya aina ya Dura, mirefu, yenye kokwa nene na nyama kidogo, marehemu babu aliipanda kabla sijazaliwa. Asiyekulia Kigoma anaweza kuuliza miti 12 ni nini. Ni mawese ya kula na ya kuuza, ni mise, zile kokwa za chikichi, za kupeleka sokoni baada ya msimu, ni daftari zangu zote za shule ya msingi.

Wakati ule mabaraza ya kata yalikuwa bado yanaamua kesi za ardhi, mradi thamani ya mali isizidi shilingi milioni 3. Wakili hakuruhusiwa kusimama pale, ila ndugu wa mdaiwa aliweza kuomba kumsemea. Mimi nilikuwa nachapa barua na maombi ya watu kwenye steshenari mjini, kwa hiyo ukoo ukaniona msomi, nikapandishwa gari.

Siku ya kwanza sikusema kitu. Bibi alikataa kusemewa. Aliongea karibu saa nzima. Alianzia Operesheni Vijiji, walivyohamishwa miaka ya 1970, babu alivyorudi bondeni usiku kuangalia miche yake, nani alikuja kusaidia kuchimba mashimo, nani alikula ugali wa nani. Katibu aliweka kalamu chini mara kadhaa. Nilidhani anasikiliza.

Alhamisi hiyo tuliwafuata ofisini kwao. Mwenyekiti akatuambia eneo limeshaonwa, turudi wiki ijayo kusikiliza uamuzi. Nikauliza lini, na nani alikuwepo upande wetu.

"Kijana, sisi ni watu wazima," akanijibu. "Macho tunayo."

Wiki iliyofuata tukasomewa kwamba miti yote ni ya jirani. Sababu kubwa ilikuwa maneno ya mkwezi mmoja mzee ambaye wajumbe "walimkuta shambani". Hakuwahi kufika barazani tukiwepo. Hatukumuuliza hata swali moja. Bibi alitoka akiwa amenyamaza, na njia nzima alikuwa akilichezea lile fundo la kanga.

Niliomba nakala ya mwenendo wa shauri. Ilikuwa kurasa tatu za mkono. Ile saa nzima ya bibi, na Operesheni Vijiji na mashimo na ugali, ilikuwa imeandikwa hivi: "Mdaiwa anakana madai. Anasema shamba ni la mumewe." Maneno 8. Niliyahesabu nikiwa nimesimama nje ya ofisi, nikayahesabu tena ndani ya basi.

Rufaa ya kwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya ilikuwa na siku 45. Nikachapa sababu saba, ya kwanza vizibo vya soda. Mama mmoja msaidizi wa kisheria akazisoma, akachukua kalamu yangu mwenyewe akafuta sita. "Vizibo havisemi nani aliyekunywa," alinieleza. Ikabaki moja tu: bibi hakusikilizwa. Nilimwona kama ametunyang'anya silaha.

Huko wilayani alikaa mwenyekiti na wazee wa baraza wawili. Tulingoja tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kisha shauri lenyewe likachukua muda wa kunywa chai. Mwenyekiti aliisoma Katiba, ibara ya 13(6)(a), pale penye "fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu". Halafu akamgeukia jirani yetu: huyu mkwezi, mdaiwa alimuuliza maswali siku gani? Jirani akaangalia karatasi zake, akaangalia dari.

Mwenendo na uamuzi vikafutwa. Shauri likaamriwa kusikilizwa upya na wajumbe wengine. Nilitoka nikiwa nimekasirika kuliko siku ya kushindwa, maana nilijua nimeshinda, kumbe tumerudishwa mwanzo. Na kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kuvuna mpaka kesi iishe, chikichi ziliiva juu, zikadondoka, zikaozea chini. Ndege walishiba mwaka ule.

(Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza la kata haliamui tena, linasuluhisha tu, ikishindikana watu wanakwenda wilayani. Wapo wanaoshangilia. Mimi najua nauli ya kwenda huko, na najua bibi aliazima kwa nani.)

Mara ya pili tulisimama wote chini ya michikichi, wajumbe, jirani na wanawe, sisi, na yule mkwezi. Katibu mpya aliandika akiwa ameegemeza daftari kwenye shina. Mkwezi akarudia maneno yake. Kisha mjumbe mmoja mama akamwambia bibi, "Muulize."

Bibi akamtazama kwanza. Walijuana. Akamuuliza alikwea mti upi kwanza, mwaka upi, na mkungu wa kwanza aliupeleka kwa nani.

Yule mzee akatembea polepole, anagusa shina moja moja. Saba za juu akasema alikuwa anampelekea babu. Tano za chini, karibu na kijito, alimpelekea baba yake jirani. Wanawe jirani wakaanza kusema kwa pamoja, mjumbe akawanyamazisha. Wakachimba chini ya ule mti wa saba, wakakuta kisiki cha mnyaa kimeoza.

Uamuzi ukafuata kisiki hicho: 7 kwetu, 5 kwake. Usiku ule nilimwambia bibi tunazo siku 45, na kwamba ile mitano babu aliitunza, kila mtu anajua. Alikuwa anachambua chikichi kwenye ungo.

"Siku arobaini na tano za nini, baba? Nimeshasema." Akasogeza sufuria. "Niongezee kuni."