Sehemu nyeupe kwenye ramani

Leo nimeanza muhula kama kawaida yangu, kwa ramani ya daktari wa upasuaji. Nafundisha uchanganuzi wa takwimu za mahali, na sijaona somo zuri kuliko hili lililozaliwa hapa hapa Uganda.

Mwaka 1957 daktari huyo, Denis Burkitt, akiwa hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili kwa saratani ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Muda si mrefu akamwona mwingine wa namna hiyo Jinja. Mtu mwingine angeishia kutibu. Yeye akauliza swali letu wanajiografia: hawa watoto wanatoka wapi? Akatuma barua kwenye hospitali za Afrika, na majibu yakawa alama kwenye ramani. Alama zikatanda kama mkanda katikati ya bara.

Mimi huwa nakaa sana pale zilipokosekana alama. Sehemu nyeupe inaweza kumaanisha kwamba ugonjwa haupo, au kwamba hakuna aliyekwenda kuuliza. Ukiwa umekaa ofisini huwezi kutofautisha. Ndiyo maana mwaka 1961 Burkitt, na Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, huku kwetu West Nile, na Cliff Nelson, walipanda gari wakashuka kusini mwa bara. Walitembea kilomita zipatazo 16,000, hospitali baada ya hospitali, wakiutafuta ukingo wa ugonjwa. Wakaupata. Karibu na ikweta, ukipanda zaidi ya mita 1,500 hivi, wagonjwa wanaadimika. Kadiri unavyoenda kusini, ukingo nao unateremka. Alexander Haddow, mtafiti wa virusi wa Entebbe, akang'amua kwamba mwinuko ulisimama tu badala ya joto na mvua. Hapo macho yakageukia mbu na malaria. Mwaka 1964 kirusi kilionekana ndani ya seli za uvimbe huo, na sasa tunajua kwamba kirusi hicho na malaria kali ya kila mara husaidiana kuuleta.

Hayo yote yalianzia kwenye karatasi na kalamu! Wanafunzi wangu wana kompyuta, na programu inachora ramani kabla hujamaliza chai. Inafuata kanuni ya Waldo Tobler ya mwaka 1970, kwamba vitu vya karibu hufanana zaidi kuliko vya mbali. Kanuni ni ya kweli na naipenda. Lakini pasipo na takwimu, programu huazima kwa jirani na kupaka rangi, na sehemu nyeupe inatoweka bila mtu kukanyaga huko. Hilo linanitia hofu kuliko kosa lolote la hesabu.

Baada ya kipindi, msichana mmoja alinifuata na ramani yake ya malaria ya watoto. Parokia moja, yaani eneo la utawala lenye vijiji kadhaa, ilikuwa na rangi hafifu kabisa.
"Profesa, hawa wana nafuu."
"Mwanangu, kituo cha afya cha karibu kiko wapi?"
Akaitazama tena. Kiko ng'ambo ya mto, na msimu wa mvua hapavukiki. Akina mama wanaishia duka la dawa, na duka la dawa haliandiki kwenye rejista ya wizara.

Tumekubaliana aende kwanza kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, kisha kwa wahudumu wa afya wa kijiji, halafu kwa wenye maduka, akiwa na daftari na simu ya kuchukulia vipimo vya mahali. Nimemwombea bodaboda anayeijua njia ya juu, ile inayopita mbali na mto.