Kifuniko ndicho kilichoniharibia apple butter

Mimi mtu wa Unguja, ninaishi Pennsylvania, Marekani, na huku ikifika Oktoba ni msimu wa matufaha. Kaunti ya Adams, upande wa Gettysburg, imejaa mashamba yake, na yapo unayoingia na kikapu ukachuma mwenyewe. Nikarudi na ndoo mbili, dola thelathini na kitu hivi, nimeazimia kupika apple butter. Jina lisikudanganye, siagi haimo hata tone. Ni matufaha yaliyopikwa na viungo mpaka yakawa mazito na ya kahawia iliyokoza, ya kupaka kwenye mkate.

Shoga yangu mmoja akanambia: "Kazi gani hiyo? Tia kwenye chungu cha umeme kile cha kupika polepole, mimina vikombe vitatu vya maji, funika, kalale. Asubuhi unapakua." Nikamsikiliza. Alfajiri nyumba nzima inanukia, moyo umenijaa furaha, nafunua: uji wa mgonjwa! Rangi ya chai ya maziwa, maji yamejitenga juu, vipande vinaelea. Nikaongeza saa nne nzima, kimefunikwa vilevile, na maji hayakupungua hata ukucha. Na karafuu nilitia kijiko kizima cha chai kwa kuwa ni za Pemba, nimeletewa. Nilipoonja ulimi ulikufa ganzi. Kilo tatu za matufaha zilikwenda na maji, na hasira zangu kwa ushauri ule hazijaisha mpaka leo.

Nikampigia mama Unguja. Hajawahi kuiona apple butter, lakini swali lake la kwanza lilikuwa, "Ulifunika?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, haluwa uliona wapi ikafunikwa?"

Basi hapo ndipo nilipoamka. Kwenye chungu cha umeme moto ni mdogo, mvuke unapanda, unagonga kifuniko, unageuka matone na kurudi humohumo. Hata ukipika siku mbili, maji yaleyale. Wazee wa Pennsylvania walikuwa wakiipika nje, kwenye masufuria makubwa ya shaba, wanakoroga kutwa nzima kwa mti wenye mpini mrefu, sawasawa na wapika haluwa wetu. Juu wazi!

Mara ya pili sikutia maji zaidi ya nusu kikombe, maana tufaha lenyewe ni maji. Nilichanganya matufaha aina ya McIntosh, ambayo huvurugika upesi, na ya Granny Smith machache ya kutia ukali. Sukari kikombe kimoja na nusu, ndimu moja, chumvi kidogo, mdalasini kijiko kikubwa kimoja, kungumanga ya kukwaruza na karafuu ya unga robo kijiko cha chai, basi. Iliki niliongeza mwenyewe, na sijutii. Nikapika kwa muda wa saa kumi moto mdogo, chungu kimefunikwa, ndiyo, kwa sababu hapo kazi ni kulainisha. Kisha nikasaga kwa blenda ya mkono.

Sasa kifuniko. Ukikiondoa kabisa, rojo inatokota na kuruka, na tone lake likikupata mkononi linang'ang'ania na kuunguza. Nilichukua miko miwili ya mbao, nikailaza sambamba juu ya mdomo wa chungu, nikaweka kifuniko juu yake. Mvuke ukapata njia pembeni, marusho yakabaki ndani. Moto mkubwa, nakoroga kila baada ya nusu saa, nakwangua pembeni maana huko ndiko kunakoungua kwanza. Kila nikifungua rangi imekoza zaidi, na ukivuta mwiko unaacha njia isiyojifunga haraka. Ilichukua karibu saa tatu.

Usiamini macho, weka kisahani kwenye friza, kisha dondosha kijiko kimoja juu yake. Likitoka duara la maji pembeni, bado. Langu la kwanza lilitoka, la pili likatulia kama kilima kidogo.

Nilipata chupa sita. Nne nimezigandisha, nimeacha nafasi juu kwa sababu ikiganda hutanuka. Ya tano ipo kwenye friji, na ya sita wanangu waliimaliza kwa chapati za moto kabla hata sijapata kifuniko chake.