Mgonjwa ugenini, daftari lake halifungwi

Assalaam alaykum jamaa zangu, Ijumaa mubarak kwenu nyote mlioko Langoni, Mkomani, Shela na mlioko mbali. Wiki hii mama mmoja wa hapa mtaani ameniomba tumuombee kijana wake, anasoma India na amelazwa, na hilo ndo limenifanya nichague hadithi ya leo. Manake naona sa hivi kila nyumba hapa Amu, yaani Lamu, ina mtoto nje, huyu Uturuki, yule Malaysia, mwengine Tarim kule Yemen, na sote tunawaombea wafaulu mitihani, lakini mambo ya kuugua hatuyawazi mpaka simu ilie usiku.

Hadithi yenyewe ni ya Abu Musa al-Ash'ari r.a., iko ndani ya kitabu cha hadithi cha Bukhari. Mtume s.a.w. anasema mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyafanya akiwa mkaazi na mzima. Basi tazama ilivyokaa, maradhi na safari vimewekwa pamoja, na mwanafunzi aliyelala wadini nchi ya watu ana vyote viwili. Najua mafundi wa fiqhi, sheria za ibada, mtaniambia, we, huyo anakaa kule miaka 4, kwa madhehebu yetu ya Shafii akishanuia kukaa siku 4 kamili si msafiri tena. Sawa, kweli kabisa. Basi mtoeni kwenye safari, bado ugonjwa peke yake unamtosha, hadithi imesema "au".

Mimi nlilazwa Uturuki nikisoma, kidole tumbo kilipasuliwa, na nawaambia maumivu ya kidonda yanaisha ila kichwa ndo hakilali. Unawaza semista inakupita, karo baba kaitoa wapi na wapi, mamako atasikia aanze kulia, na Kurani uliyokuwa ukisoma kila alfajiri imelala kwa begi siku ya ngapi. Unajiona bure kabisa! Sasa mtu wa namna hiyo mwambie kuwa ule uradi wake malaika wanauandika vile vile, ile darsa aliyokuwa hakosi anaandikiwa, na zile rakaa zake za usiku pia. Kwangu mimi hiyo ilikuwa na nguvu kushinda "utapona tu inshallah" mia, kwa sababu kupona hakuna aliyeahidiwa na hii ni ahadi.

Tena isieleweke vibaya, faradhi haianguki. Imran bin Husayn r.a. alikuwa na bawasiri akamuuliza Mtume s.a.w. vipi ataswali, akaambiwa swali umesimama, usipoweza umekaa, usipoweza kwa ubavu. Sasa mimi nina dripu mkononi, maji siruhusiwi kugusa bandeji, nataka kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo badala ya maji, na wadi nzima inang'aa hakuna hata vumbi. Msomali mmoja niliyekuwa nakaa nae chumba kimoja akaniletea udongo mkavu wa bustanini ndani ya kopo la mtindi, akauweka pale dirishani. Mfagiaji alikuja akalibeba lile kopo kulitupa, nami Kituruki changu cha dukani tu, nikabaki napiga kelele na kuonyesha mikono na uso, mpaka mzee wa kitanda cha pili akaelewa akamwambia aliache. Yule mzee binti yake alikuwa akimletea supu ya dengu kila magharibi, na tangu siku ile ikaja bakuli mbili.

Na sisi tuliobaki nyumbani je? Iko hadithi qudsi, yaani Mtume s.a.w. akisimulia maneno ya Mola, ndani ya kitabu cha Muslim, Mola atamwambia mtu siku ya Kiyama, niliugua hukuja kunizuru, aseme ee Mola nikuzuru vipi nawe ni Mola wa viumbe, aambiwe hukujua kuwa mja wangu fulani aliugua, lau ungemzuru ungenikuta kwake. Kufika India hatuwezi, lakini simu tunayo. Mpigie, sema kidogo, usimuulize daktari kasema nini mara tano na usimtumie vidio za dawa za mitishamba (yaani hii tabia jamani!). Mtume s.a.w. ametufundisha kumsomea mgonjwa mara 7, As'alullahal adhim, rabbal arshil adhim, an yashfiyak, yaani namuomba Mwenyezi Mungu Mtukufu, Mola wa Arshi tukufu, akuponye. Irekodi kwa sauti yako umtumie, atasikiliza usiku akikosa usingizi. Kisha mtafutie mtu wa karibu na pale alipo, kuna Waamu na Wakenya kila mji, mmoja wao aende akakae kwa kiti pale kando ya kitanda.

Na wazazi mnaopeleka watoto mwaka huu, mambo ya bima yaulizwe kabla ya tiketi. Kule Uturuki kwa mfano mwanafunzi mgeni ana miezi 3 tangu kujiandikisha chuoni kuomba bima ya serikali, ikipita amekosa. Kama ilivyo kwenye hadithi, kumfunga ngamia ndo kwanza, kisha tawakali.

Nimeanza na watoto wetu wa nje, ila nyumbani pia wako watoto wa wenzetu. Pale Riyadha, msikiti na chuo chetu cha dini alichoanzisha Habib Swaleh, kuna wanafunzi wa bweni wametoka mbali, mama zao nao wako huko wanangoja simu. Habib Swaleh mwenyewe alizaliwa Ngazija akaja Amu kijana, mgeni, akasomesha watu na akawatibu, kwa hiyo sijui tutasema nini sisi tunaopita pale mlangoni kila siku na hatujui nani ana homa ndani. Tirmidhi, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kwa Ali r.a. kuwa anaemzuru mgonjwa asubuhi malaika 70,000 humuombea mpaka jioni, na wewe ni kushuka kichochoro kimoja tu.

Kuna kijana mmoja malaria imemlaza tangu juzi. Mimi naenda kesho baada ya Asri, nna madafu, mtu akiweza kupika uji wa mchele aniambie usiku huu nisije nikapika mimi. Na yule wa India tumsomee ile dua sote mara 7 leo baada ya Maghrib, mamake atakuwa anasikiliza.